Mji Tuliojijengea

Miaka ya 1980, aliyetaka kujenga Butembo, huku mashariki mwa Kongo, hakuuliza serikali ina mpango gani wa makazi. Alitafuta kiwanja mlimani, akakichimba kwa jembe mpaka pakawa sawa, akasimamisha chumba cha mbao na kukiezeka manjanja. Matofali yalifuata baadaye. Udongo wake ulitoka bondeni, tanuru likafuka moshi siku nyingi, na kila msimu wa kahawa ukuta uliongezeka. Majirani walibeba mchanga, mwenye nyumba akawapikia bugali na sombe. Hata mwalimu mwenye kashamba ka kahawa aliweza kufa ndani ya nyumba yake.

Sheria ya 1973 ilikuwa imeshatamka kwamba ardhi yote ni mali ya Leta, yaani serikali. Ardhi yao, nyumba shauri letu. Zile za OCA, ofisi ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1952 ijenge makazi Léopoldville, Elisabethville na Bukavu, sisi tulizisikia tu. Hata barabara zetu zilitengenezwa na wafanyabiashara pamoja na askofu wetu, Monsinyori Kataliko. Tulijivunia hayo, na tulistahili. Ila fahari ile ilituzoesha kutodai. Wagombea walipopita tuliwauliza juu ya barabara na usalama; nyumba hatukuzitaja.

Katiba ya 2006, kifungu cha 48, ikahakikisha haki ya makazi bora. Mwaka 2019, programu ya siku 100 ya Rais Tshisekedi ikaahidi nyumba 1500 za kuunganishwa, na dola zaidi ya milioni 50 zikatoka. Mwaka uliofuata tukatazama kesi ya pesa hizo kwenye televisheni, moja kwa moja kutoka gereza la Makala. Vital Kamerhe, mkurugenzi wa ofisi ya Rais, alihukumiwa. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikamwachia huru. Mjadala wote ukawa nani kala, nani hakula. Mwenye kukosa nyumba akasahaulika.

Naye sasa yuko kila karatie. Tangu mauaji ya Oktoba 2014, watu wa vijiji vya Beni wamekuwa wakikimbilia mjini. Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Juni 2024, wa Lubero wakapanda Butembo. Goma, mji mkuu wa jimbo, nayo ilipotekwa, Januari 2025, ofisi za jimbo zikahamia Beni, na wenye nyumba wakapata wapangaji wa mishahara. Familia ya watu tisa inalala chumba kimoja cha mbao, godoro linasimamishwa ukutani asubuhi ili sufuria zipate nafasi. Garanti ya pango inadaiwa miezi sita, kwa dola, na sheria ya Desemba 2015 inaruhusu mitatu tu.

Wapo wanaosema vita viishe kwanza. Hoja hiyo naisikia tangu 2014, na watoto waliozaliwa mwaka ule ndani ya chumba cha kupanga sasa wanamaliza shule ya msingi. Leta haikungoja vita viishe ili itoze kodi kwenye pesa ya pango. Basi kodi hiyo iandikwe kwenye bajeti ya jimbo kwa jina lake: viwanja vipimwe, mabomba ya maji yafike, anayejenga akopeshwe saruji na manjanja. Nyumba za kuunganishwa kutoka ng'ambo hatuzihitaji. Mafundi wako hapahapa, na mjane aliyekimbia Mbau, huko Beni, anajua mwenyewe mlango wake utatazama wapi.