Mdoli wa Pomni na Duka la Lodi Lofa

Kuna pongezi moja inayozunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, ya nyumbani na ya huku ughaibuni, ambayo imeanza kunikera. Kijana wa Dar, Nairobi au Kampala ametengeneza katuni ya dakika mbili, akaipandisha YouTube, ikatazamwa mara laki tano, na watu wanamiminika: hongera sana, umetoboa, sasa hela inaingia. Hakuna anayeuliza swali la pili. Yule mhusika aliyemo ndani, yule bibi mwenye kilemba au yule konda mwenye domo, ni mali ya nani? Yuko kwenye fulana? Yuko kwenye daftari la mtoto? Na ikiwa kesho kampuni ya simu inataka kumtumia kwenye tangazo, itamlipa nani? Tunapongeza umati uliosimama dirishani kuchungulia, wala hatuulizi kama dukani kuna bidhaa.

Huku Sydney swali hilo la pili ndilo lililojenga biashara nzima. Ndugu wawili, Luke na Kevin Lerdwichagul, walianzisha studio ya Glitch Productions mwaka 2017, na tarehe 13 Oktoba 2023 wakaweka YouTube kipindi cha majaribio cha The Amazing Digital Circus, kazi ya msanii wa Marekani anayejiita Gooseworx. Kipindi hicho kimoja kimetazamwa zaidi ya mara milioni 300, bila malipo, na yeyote mwenye bando. Lakini anayetaka kujua mishahara ya wachoraji inatoka wapi asiitazame namba hiyo. Aitazame rafu ya duka. Hapo utamkuta Pomni, mhusika mkuu, amekuwa mdoli wa kitambaa: kofia ya chale yenye ncha mbili, moja nyekundu na moja ya bluu, na macho yaliyokatwa vipande vya rangi. Studio yenyewe haijaficha kwamba mauzo ya vitu kama hivyo ndiyo yanayolipia vipindi vinavyofuata. Katuni inatolewa bure ili watu wampende Pomni, na wanaompenda ndio wanaomnunua.

Kwa nini iwe hivyo, na matangazo ya YouTube yapo? Kwa sababu hesabu ya matangazo haikuwahi kumfaa mchoraji. Katuni ya kuchorwa kwa mkono huhitaji picha 24 kwa kila sekunde. Hata ukibana matumizi, kila mchoro ukauweka mara mbili, bado ni michoro 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika, 7,200 kwa kipindi cha dakika kumi. Kisha kuna sauti, rangi, mandhari na muziki. Mwaka 2012 YouTube ilibadilisha utaratibu wa kupendekeza video, ikaacha kuhesabu mibofyo tu na kuanza kupima muda ambao mtu anakaa akitazama. Anayejirekodi akicheza gemu anaweza kutoa saa nzima kila siku. Mchoraji aliyetumia miezi mitatu akatoa dakika nne alishindwa kabla mbio hazijaanza, na wengi waliokuwa na majina makubwa wakati huo walipungua, wengine wakaacha kabisa. Mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya pesa ya tangazo linalowekwa kwenye video yake, lakini asilimia 55 ya kidogo ni kidogo, na bei ya tangazo linaloonyeshwa kwa mtazamaji wa Mwanza au Kisumu iko chini mno ikilinganishwa na ya mtazamaji wa Melbourne. Kwa hiyo mwenzetu wa nyumbani mwenye watazamaji laki tano anafanya kazi ileile ya michoro 720 kwa dakika, kwa sehemu ndogo ya pesa ambayo hata huku haitoshi.

Wamarekani walilijifunza hili kwa gharama kubwa zaidi ya sehemu yoyote. Mwaka 2000 waandishi wa televisheni wa Hollywood walifungua tovuti ya katuni iitwayo Icebox, wakiwa na fedha za wawekezaji na majina yanayojulikana. Februari 2001 ikafungwa. Pop.com, mradi wa DreamWorks na Imagine, ulikufa mwaka huohuo wa 2000 kabla haujafunguliwa kwa watazamaji. Mwaka uleule Mike na Matt Chapman, ndugu wawili wa Atlanta, walikuwa wanaweka mtandaoni katuni zao za Homestar Runner, hawana tangazo hata moja, na baadaye wakaishi kwa kuuza fulana na DVD. Waliokuwa na mamilioni walikuwa wanasubiri watangazaji. Waliokuwa na fulana walikuwa na wateja. Miaka karibu ishirini baadaye Vivienne Medrano alipita njia hiyohiyo: mashabiki walimchangia kila mwezi kupitia Patreon, akatengeneza kipindi cha majaribio cha Hazbin Hotel, akakitoa Oktoba 2019, na ni baada ya watu kuonyesha mapenzi yao ndipo kampuni ya filamu ya A24 ilipokuja, na hatimaye Amazon wakakionyesha Januari 2024. Kampuni kubwa zilimkuta tayari ana watu wake. Na Glitch walipowapa Netflix ruhusa ya kuonyesha The Amazing Digital Circus, Oktoba 2024, vipindi vipya viliendelea kutoka YouTube bure kama kawaida. Mwenye mali ndiye anayeweka masharti ya namna hiyo.

Nasisitiza neno mali, maana ndugu hao wa Sydney wenyewe hawakuanza nayo. Luke alianza mwaka 2011 na chaneli ya SMG4, vichekesho vilivyotengenezwa kwa picha za gemu la Super Mario 64. Vilipendwa sana. Lakini Mario ni wa Nintendo, na hata ukimchekesha mbele ya mamilioni ya watu huwezi kumshonea mdoli ukamuuza kama wako. Ni walipobuni wahusika wao wenyewe, kuanzia Meta Runner mwaka 2019, ndipo duka lilipopata kitu cha kuuza. Upande wa pili wa shilingi ni Rooster Teeth ya Texas, iliyotoa katuni ya RWBY kuanzia 2013. Kampuni iliuzwa, ikauzwa tena, mwisho ikafungwa mwaka 2024. RWBY ikachukuliwa na Viz Media. Ofisi ilikufa na wahusika wakapata mnunuzi. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo wa mahali thamani ilipokaa.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama Tinga Tinga Tales kwenye CBeebies. Mtindo wa michoro ni wa Edward Saidi Tingatinga, wa Dar es Salaam. Mikono iliyoihuisha ilikuwa ya vijana wa Nairobi, studio ya Homeboyz. Hadithi ni zile za kwa nini tembo ana mkonga. Kampuni iliyoibuni ni Tiger Aspect ya London. Mwaka 2023 Disney walitoa mkusanyiko wa katuni uitwao Kizazi Moto, jina la Kiswahili kabisa, ndani yake kazi nzuri mno za Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Na mwenye Kizazi Moto ni Disney. Siwalaumu wasanii hawa hata chembe. Walilipwa, walijifunza, walifungua mlango. Ninachosema ni kwamba ufundi tunao na umethibitishwa mbele ya dunia, kwa hiyo tuache kisingizio cha ufundi. Programu ya Blender haiuzwi, inapakuliwa bure, na filamu ya Flow kutoka Latvia, nchi yenye watu chini ya milioni mbili, ilitengenezwa kwayo na kushinda Oscar mwaka 2025.

Wala wahusika hatukukosa, na hapa ndipo panaponiuma. Waliosoma gazeti la katuni la Sani kule Tanzania wanamkumbuka Madenge, wanamkumbuka Kipepe, wanamkumbuka Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Wakenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo kwa miongo mingi. Hao walikuwa watu wa familia. Walitajwa mezani, waliitwa mitaani, mtoto mtundu alipewa jina la Madenge na kila mtu akaelewa. Mapenzi ya aina hiyo Glitch wameyatafuta kwa miaka na pesa nyingi. Sisi tulikuwa nayo kwa bei ya gazeti, na karatasi ilipopungua wasomaji tukawaacha wahusika wabaki kumbukumbu. Leo mchoraji bora wa nyumbani anaishi kwa kazi za kuagizwa: tangazo la benki, video ya shirika kuhusu kunawa mikono, ya chandarua, ya uzazi wa mpango. Mradi ukiisha, mhusika anazikwa na ripoti. Ubongo ya Dar es Salaam ndiyo iliyoonyesha njia tofauti, kwa kuwa tangu Ubongo Kids ilipoanza kurushwa mwaka 2014 imewalea wahusika walewale, katika lugha kadhaa, na watoto wanawajua kwa majina. Lakini yenyewe haikuundwa kutafuta faida, na haiwezekani nchi nzima itegemee shirika moja.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni umaskini: watu wetu hawana pesa ya kununua midoli. Sikubaliani nalo. Tazama kamati yoyote ya harusi. Kadi za mchango zinatoka, grupu linafunguliwa, orodha inabandikwa kila jioni, nani ameahidi, nani amelipa, nani amepunguza, na milioni kadhaa zinapatikana ndani ya wiki chache kupitia simu. Watu walewale wananunua jezi mpya za Simba na Yanga kila msimu. Patreon ni nini kama si mchango wenye orodha? M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2008, kabla Patreon haijazaliwa. Tuna desturi, tuna njia ya kulipia, tuna aibu nzuri ya kutolipa ahadi. Tulichokosa ni mchoraji anayethubutu kusema waziwazi: kipindi cha pili kinagharimu kiasi hiki, nichangieni, na fulana hii hapa. Akiomba, tunamwambia asubiri mfadhili.

La pili lina uzito zaidi. Ukibuni mhusika akapendwa, fulana bandia zitakuwa Kariakoo na Gikomba kabla zako hazijafika. Ni kweli, na jezi za timu zetu ni shahidi. Ila timu hazikuacha kuuza jezi kwa sababu ya bandia. Zilijisajili, zikaweka alama, zikawaambia mashabiki kwamba ukinunua halisi unaisaidia timu, na wapo wengi wanaolijali hilo. Mchoraji naye ana pa kwenda: BRELA kwa alama ya biashara na COSOTA kwa hakimiliki kama yuko Tanzania Bara, KIPI na KECOBO kama yuko Kenya. Akumbuke pia kwamba alama iliyosajiliwa BRELA haivuki maji, Zanzibar ina ofisi yake, BPRA, na inabidi asajili upya. Ni usumbufu na ni gharama. Lakini mhusika asiyesajiliwa hana hata pa kuanzia kulalamika.

Wengine watasema huku serikali inasaidia. Hapo nakubali. Screen Australia ilichangia gharama za Meta Runner, wakati Tanzania mwaka 2018 ilileta kanuni za maudhui mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandao alipe ada zilizozidi shilingi milioni 2 kwa kuanzia. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini fikiria ni wangapi walikata tamaa katikati. Kumtoza mtu kabla hajapata senti ni kukata mche kwa sababu haujazaa.

Na yupo atakayenitajia Cocomelon, ile chaneli ya nyimbo za watoto, kwamba ilitajirika kwa matangazo matupu. Ilianza California mwaka 2006 kama chaneli ya familia, na mtoto wa miaka miwili ndiye mtazamaji pekee anayerudia video moja mara arobaini, hivyo kwake hesabu ilikuwa nyingine. Hata hivyo, mwaka 2019 Google, wenye YouTube, ilitozwa faini ya dola milioni 170 Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto, na kuanzia Januari 2020 matangazo yanayomlenga mtazamaji binafsi yakaondolewa kwenye video za watoto. Waliotegemea matangazo peke yake waliona kipato kinashuka kwa uamuzi uliofanywa mbali nao. Kampuni ya Moonbug, waliokuwa wameinunua Cocomelon mwaka 2020, waliuzwa mwaka uliofuata kwa takriban dola bilioni 3, na kilichouzwa ni haki ya wahusika, sura zao na nyimbo zao.

Kila Desemba, shule zikikaribia kufunguliwa, maduka ya Kariakoo yananing'iniza mabegi hadi barabarani. Spider-Man, Elsa, Spider-Man tena. Wazazi wananunua bila kuombwa mara mbili, kwa sababu begi lazima linunuliwe na mtoto ameshachagua sura. Madaftari nayo yananunuliwa kwa dazeni. Pesa hiyo inatoka mifukoni mwetu kila mwaka, pamoja na ile tunayoituma kutoka huku kwa ajili ya ada na sare. Begi lenye Madenge lingebeba vitabu vilevile.