Dawa Moja, Majina Tatu



Mwaka jana, wakati wa mvua, mutoto wangu wa mwisho alipata homa. Alikuwa na miaka mbili. Nilifanya vile wengi wetu tunafanya: sikuenda kituo cha afya, niliingia katika farmasi ya karibu, nikasema, "Munipatie dawa ya homa." Kijana wa pale alinipatia siro. Kesho yake homa ikarudi, nikaenda farmasi ingine, nikapewa vidonge vya kuvunja katikati. Jirani naye akaniletea dawa ya kuingiza kwa nyuma. Nilimupatia mutoto vyote, siku tatu, kwa moyo mweupe.

Siku ya ine alianza kutapika, akalegea. Tukakimbia hospitali. Kipimo kilionyesha malaria. Lakini munganga aliponiuliza nimemupa dawa gani, nilikosa jibu. Akaita mufamasia wa hospitali, mama mumoja wa miwani. Aliniambia, "Mama, toa yote iko ndani ya kitunga." Nikapanga juu ya meza. Akasoma maandishi madogo, sanduku kwa sanduku, kisha akasema polepole: "Hii, hii na hii ni paracetamol. Majina ni tatu, dawa ni moja. Mutoto amepewa mara tatu. Ikizidi, inaharibu maini."

Nililia palepale. Tulilala hospitali siku tano, na kwa neema ya Mungu mutoto alipona.

Tangu siku ile ninajiuliza: kwa nini nilikutana na mutu mwenye kujua dawa kisha hatari, na si mbele yake?

Si mimi peke yangu. Wamama wa Ituri wanakumbuka mwaka 2014 na 2015. Mamia ya watu, wengi wao watoto, walikazika shingo, uso na ulimi, watu wakazani ni ugonjwa wa ubongo. Ilikuwa dawa: vidonge vilivyoandikwa diazepam, kumbe ndani ni haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Macho ya mama hayawezi kuona tofauti ile. Inaomba mutu aliyesomea dawa, na mahali pa kuzipima.

Inchi yetu iko na zoni za afya 519. Kila zoni iko na munganga wake mukubwa. Vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu vinafundisha wafamasia. Tangu 2020 kuko pia ACOREP, mamlaka ya serikali ya kuchunga dawa. Basi wakubwa wanapopanga afya ya kesho, ile ya watu wote, wasimuweke mufamasia nyuma katika depo ahesabu masanduku tu. Apewe kazi ya kutembelea farmasi za kartye na kufundisha vijana wanaouzisha. Akae pamoja na munganga wakati wa kuchagua dawa. Na siku ya kupima watoto kilo, tunapokuwa wote kwenye benchi, aje atuambie dawa gani haziendi pamoja.

Kikundi chetu hakikungojea. Tulimualika yule mama wa miwani siku ya likelemba. Alituomba kila mumoja alete dawa za nyumbani kwake. Meza ilijaa! Nusu saa haikupita, wamama wane walikuwa wameona yale niliyoyaona hospitali: dawa moja, majina tofauti.

Alituachia maulizo matatu ya kuuliza mbele ya kulipa: Jina la dawa yenyewe ni nani, lile la chini kwa herufi ndogo? Mutoto wa kilo hizi anakunywa ngapi, na kisha saa ngapi? Naweza kuipatia pamoja na ile niko nayo nyumbani?

Kama muuzaji hawezi kujibu, mama, rudisha feza yako mufukoni, na ubebe mutoto kituo cha afya. Na masanduku yote, hata yenye kuisha, uende nayo.