Makaa ya Cairo Hayataki Haraka

Maji ya Mto Nile yatokayo Ziwa Victoria pale Jinja husafiri masafa marefu hadi nchi ya Misri, na kabla ya kuingia katika Bahari ya Mediterania hupita katikati ya Cairo, mji mkuu wa nchi hiyo. Mgeni afikaye huko jioni hukuta mikahawa imejaa watu, na juu ya harufu ya kahawa husikia harufu ya makaa yanayoshika moto. Hayo ni makaa ya shisha, ambayo watu wa kale wa pwani yetu waliiita buruma, yaani kiko ambacho moshi wake hupitishwa ndani ya maji.

Chombo hiki si kigeni kama kinavyodhaniwa. Katika miaka ya 1830 Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo, aliandika habari za kiko cha watu wa kawaida kiitwacho goza, ambacho chombo chake cha maji kilikuwa kifuu cha nazi. Hata jina nargile, litumiwalo na Waturuki, asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya nazi. Waswahili nao walikuwa na kiko cha kifuu, chenye bori la kutilia tumbaku, digali la kushukia majini na shilamu ya kuvutia.

Katika soko la Khan el-Khalili upo mkahawa wa zamani uitwao El Fishawi, ambao mwandishi Naguib Mahfouz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, alikuwa akiuzuru. Katika mikahawa ya namna hiyo kuwasha makaa ni kazi ya mtu maalumu. Tumbaku ya shisha imechanganywa na asali ya miwa, na haiunguzwi kwa ndimi za moto, bali huokwa polepole na kaa lililowekwa juu yake. Kaa likiwa na weusi hata upande mmoja, hutoa moshi mchungu na kumkera mvutaji. Kwa hiyo mtumishi husubiri mpaka kaa lote liwe jekundu na kuvaa jivu jembamba. Moto ukififia, huyatia makaa katika kikapu cha waya na kukibembeza, upepo uyachochee.

Nyumbani watu hutumia walicho nacho. Mmoja huweka wavu wa waya juu ya jiko la gesi na kupanga makaa, akiyageuza kila baada ya dakika chache. Mwingine hutoboa kopo tupu matundu chini na ubavuni, huwasha karatasi na vijiti ndani yake, kisha huweka makaa juu. Hewa huingia chini na kupandisha moto kama katika bomba la moshi. Wa tatu hupepea kwa kipande cha boksi. Njia zote hizo zina siri moja, nayo ni hewa na subira. Mwenye haraka humwagia mafuta ya taa au petroli, na wengi wameungua nyuso na mikono kwa tendo hilo.

Mama wa nyumbani mwenye busara huwashia makaa kwenye roshani, wala si chumbani. Kaa jekundu lisilo na moshi bado hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hushikwa na usingizi ambao huenda asiamke. Maji ya shisha hayaizuii, na mvutaji huimeza pamoja na moshi wa tumbaku.

Nchini Uganda sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku tumbaku ya shisha. Lakini sigiri haikupigwa marufuku, na kaa lake ni ndugu wa kaa la Cairo. Mvua inyeshapo usiku, familia iishiyo katika chumba kimoja kambini hushawishika kuingiza sigiri ndani na kufunga mlango ili watoto wapate joto. Askari aliye lindo hawezi kuwalinda wanawe dhidi ya adui huyo aliyekaribishwa ndani.

Basi makaa yawashwe nje na yapikiwe penye hewa. Kazi ikiisha, yazimwe kwa maji au mchanga hukohuko nje, kwa maana chini ya jivu kaa huishi muda mrefu. Atakayeona mwenzake amelegea karibu na sigiri afungue milango, amtoe nje upesi na kumpeleka hospitali. Blanketi la pili ni joto salama kuliko sigiri chumbani.