Gobori la babu lamfunza mwanangu subira

Waliosema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama waliyajua mambo ya porini. Siku hizi sisi wazazi wa mjini hulitumia neno hilo kuwakemea watoto wanaokula kwa pupa, tukasahau kwamba ni neno la uwindaji. Mimi lilinijia upya mahali ambapo sikulitarajia: katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, nilikooa na ninakoishi, mwaka wa 2021 mwanangu wa kwanza alipotimiza umri wa miaka 12.

Katika jimbo hilo, mtoto wa umri huo akihitimu mafunzo ya usalama wa uwindaji anaweza kupata leseni, mradi aandamane na mtu mzima. Msimu wa kulungu huko ni kama sikukuu. Shule nyingi za mashambani hufungwa Jumatatu inayofuata sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, kwa kuwa watoto na walimu wengi huwa msituni. Nyama hugandishwa na kuliwa kwa miezi kadhaa. Mke wangu alilelewa kwa nyama hiyo. Kwa hivyo baba mkwe alipotuambia kwamba angependa kwenda kuwinda na mjukuu wake, kwake lilikuwa jambo la kawaida, kama vile mzee wa kwetu kumfunza mjukuu kukama ng'ombe.

Kwangu halikuwa la kawaida hata kidogo. Nilizaliwa karibu na Nyahururu. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka wa 1977, na bunduki tulizozijua sisi zilikuwa za polisi na za wezi wa mifugo. Nilipompigia mama simu kumweleza, alinyamaza kwa muda.

"Baba," akasema, "huku kwetu bunduki ikilia usiku watu huulizana ni nani ameuawa. Wewe wataka kumpa mjukuu wangu?"

Isitoshe, nilikuwa sijaisahau Desemba 2012, wakati kijana mwenye bunduki alipoingia katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, akawaua watoto 20 na watu wazima sita. Mwanangu wakati huo alikuwa na miaka mitatu. Baba gani angekosa kulifikiria jambo hilo?

Mke wangu naye alikuwa na hoja yake. Alisema kwamba katika nchi hii mtoto atakutana na bunduki, tupende tusipende, na ni heri akutane nayo mbele ya babu yake kuliko chumbani mwa rafiki. Tulijadiliana kwa wiki mbili, na siku nyingine sauti zilipanda. Hatimaye tuliafikiana: akienda, ataenda na gobori.

Msomaji, huenda neno hilo ulilisikia kwa wazee. Gobori ni bunduki ya zamani inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Ndiyo iliyobebwa na misafara ya pwani kwenda bara katika karne ya 19. Huko Pennsylvania, tangu mwaka wa 1974, kuna msimu maalumu wa kulungu kwa magobori ya gumegume, yaani yale yanayowashwa kwa cheche za jiwe. Msimu huo huja baada ya Krismasi, theluji ikiwa imetanda. Baba mkwe analo gobori la aina hiyo, na hulitunza kama mboni ya jicho.

Taabu ya kwanza ilikuwa kupata risasi. Mwaka huo, kwa sababu ya korona na hofu za watu, rafu za maduka ya silaha zilikuwa tupu. Tulizunguka maduka matatu tukitafuta vidonge vya mviringo vya milimita 12.4, vinavyofaa mtutu wa milimita 12.7, tusipate hata pakiti moja. Baruti nyeusi nayo ilikuwa adimu, kwani mnamo Juni kulitokea mlipuko katika kiwanda kikuu cha baruti hiyo mjini Minden, Louisiana, kikafungwa. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na wengine. Muuzaji mmoja alitutazama akacheka: "Mzee, nunua bunduki ya kisasa!"

Baba mkwe hakujibu. Nyumbani alitoa kalibu yake ya chuma na vipande vya risasi alivyokuwa ameviweka kwa miaka mingi. Naam, risasi, kwani kwa Kiswahili madini yenyewe na kinachotoka bundukini vina jina moja. Nilipomweleza jambo hilo alifurahi sana, akawa analirudia neno kwa ulimi wake mgumu. Madini hayo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327, na mvuke na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hivyo alisubu vidonge nje, penye upepo, huku mjukuu akitazama kutoka dirishani. Kila kimoja alikipima kwenye mizani. Chenye uwazi ndani huwa chepesi, na hicho alikirudisha chunguni.

Kisha likaja zoezi. Kila Jumamosi walikwenda uwanja wa shabaha, nami nikiwafuata kama askari wa zamu. Mtoto alipima baruti kwa kikombe kidogo, akaimimina mtutuni. Juu ya mdomo aliweka kijitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, na juu yake kidonge. Kijitambaa hicho ndicho hushika mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu, kidonge kikazunguka na kwenda sawa. Alishindilia kwa mdeki, ile fimbo ndefu, mpaka alama iliyochorwa juu yake ikafika mdomoni. Alama isipofika, pana nafasi kati ya kidonge na baruti, na mtutu unaweza kupasuka. Mwisho aliweka baruti laini kidogo katika kisahani kilicho pembeni mwa mtambo.

Hata hapo bado. Ukifyatua, jiwe hugonga chuma, cheche huwasha kisahani, na moto hupenya tundu kuifikia baruti iliyo ndani. Kati ya moshi wa kwanza na mlio pana kitambo kidogo mno, na anayetikisika wakati huo hukosa shabaha. "Usikimbie kuona umepiga nini," babu alimwambia. "Tulia mpaka kazi iishe."

Siku yenyewe walikaa chini ya mti kwa saa nne. Kulungu jike alitokea, akasimama hatua kama 40. Mtoto aliinua gobori. Mimi nilikuwa nyuma yao, moyo ukinidunda. Akalishusha. Nyuma ya kulungu yule, kwenye miti, mlikuwa na wengine wawili ambao mimi sikuwaona kabisa. Kidonge kingeweza kumpita wa kwanza kikamjeruhi mwingine. Babu alimgusa bega tu, hakusema neno.

Tulirudi mikono mitupu. Lile gobori lililoshindiliwa lilifyatuliwa kwenye kichuguu cha udongo ili kulitoa risasi, na usiku huo mtoto aliliosha kwa maji moto na sabuni, akalikausha, akalipaka mafuta. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kuozesha chuma hata kwa usiku mmoja. Alimaliza saa nne, kisha ndipo akala.

Nilimpigia mama nikamweleza kwamba mjukuu wake alimwona mnyama akamwacha. Alifikiri, akasema, "Basi huyo mtoto ana akili. Lakini bunduki bado siipendi." Nami sikumlaumu. Mimi pia siipendi, na kufuli la kabati ya baba mkwe hulikagua kila tunapomtembelea.

Mzazi mwenzangu, simwambii mtu ampe mtoto bunduki. Ninachosema ni kwamba vitu vya hatari vimejaa katika maisha ya watoto wetu, iwe ni pikipiki, jiko la gesi au simu, na kuvifungia peke yake hakutoshi. Mtoto aonyeshwe kazi yote inayotangulia, hatua kwa hatua, na mtu mzima aliye tayari kukaa naye Jumamosi nzima. Akiifahamu kazi hiyo, atajua pia wakati wa kuacha.