SAA SABA, MKONO MMOJA



Ndugu zangu, kijana mmoja ameniuliza: "Sheikh, kila Ijumaa unavaa saa tofauti. Kukusanya saa si kuipenda dunia huko?"

Swali zuri, na linanihusu mimi kabla ya mwingine. Ninazo saa saba, nyingi ni Seiko 5.

Kwanza zifahamu saa zenyewe. Seiko ilianzia kwenye duka la saa alilofungua Kintaro Hattori mjini Tokyo mwaka 1881. Mwaka 1963 wakatoa Seiko 5, na hiyo tano ni mambo matano: inajijaza yenyewe, siku na tarehe ziko kwenye kidirisha kimoja, inahimili maji, kitufe cha kurekebishia kimezama kwenye tarakimu ya 4, na umbo na mkanda wake ni imara. Ni saa ya mtu wa kawaida.

Ya kwanza niliipata kwa marehemu ami yangu aliporudi Hijja. Siku zake zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Niliivaa miaka mingi kwa ajili ya kujua wakati tu, mpaka fundi saa alipoifungua mbele yangu. Nikaona kipande cha chuma cha nusu duara. Mkono ukitikisika kinazunguka, kikizunguka kinaikaza springi. Hakuna betri. Tangu hapo nikawa nazitafuta, moja baada ya moja, nyingine kuukuu kwa mafundi. Na kila nilivyozidi kuzijua zilinifunza.

Funzo la kwanza ni kukinai. Nyingi ni za chuma kisichoshika kutu, na mwanamume Muislamu, aliyeharamishiwa dhahabu, anazivaa moyo umetulia. Wapo vijana wanaokopa ili wavae saa ya Uswisi. Wengine hununua bandia yenye jina la Uswisi. Ewe mwanangu, kwa nini mkono wako useme uongo?

Funzo la pili ni muhasaba. Saa hizi hutangulia au huchelewa sekunde kadhaa kila siku. Kwa hiyo kwenye adhana nafuata ratiba ya swala na saa ya simu, na kila Ijumaa asubuhi nairekebisha ile nitakayovaa. Saa nzuri inahitaji kurekebishwa, sembuse moyo?

Funzo la tatu ndilo zito. Saa hii ukiivua ukaiweka kwenye droo, baada ya siku mbili hivi akrabu zinasimama. Haikuharibika, imekosa mkono tu. Basi mwenye saa saba ana moja inayotembea na sita zimelala.

Sasa jibu. Kukusanya saa ni mubaha, maadamu hakuna israfu, hakuna riya, hakuna deni, na watu wa nyumbani kwako hawakosi haki yao. Saa ya kuvaa mwenyewe haina zaka. Lakini ukiinunua kwa nia ya kuiuza, hiyo ni bidhaa ya biashara: mwaka ukitimia na mali ikafika nisabu, itathmini na utoe asilimia 2.5.

Ila halali nayo ina mtihani wake. Mwaka huu tumepata muadhini mpya, kijana mwenye sauti njema, hana saa. Nikafungua droo. Nafsi ikaninong'oneza, mpe ile yenye kioo kilichokwaruzika. Nikakumbuka tulivyofundishwa katika Aali Imran, kwamba wema kamili ni kutoa katika kile unachokipenda. Nikampa ile ya ami yangu.

Iliniuma, sikufichi. Lakini leo haisimami, maana kijana huyo mkono wake hautulii. Na ami yangu, in shaa Allah, anapata fungu lake kila anapoitazama akainuka kuadhini.

Ndugu yangu, huenda wewe hukusanyi saa. Unakusanya kanzu, viatu, vyombo vya kabatini, au elimu usiyomfundisha mtu. Fungua droo yako leo kabla ya kulala. Tazama ni kipi kimesimama kwa kukosa mkono, kisha mtafutie mwenyewe.

Allah atubarikie katika nyakati zetu, na asivijaalie tunavyovimiliki kutumiliki sisi. Aamin.

Mfikishie na mwenzio.