Sekunde 30 za London

Ndege ilitua Heathrow alfajiri, na baridi ikanipokea kabla ya mwenyeji wangu. Mimi ni muuguzi kutoka Tanga. Nilikuja kujifunza namna ya kuwasaidia wagonjwa kuacha tumbaku, nikidhani naingia mji usiojua moshi. Kumbe! Nje ya baa ya kwanza tuliyoipita, watu wamejikunyata kwa baridi, wanavuta. Mwenyeji akanieleza kuwa tangu Julai 2007 sheria ya England imewatoa nje ya baa, migahawa na ofisi. Dukani nako sigara sikuziona: zimefichwa kabatini, na pakiti zote ni za rangi moja iliyofifia, zimechapwa picha za maradhi. Vibandani kwetu zinauzwa moja moja, kando ya peremende na kiberiti.

Kesho yake mafunzo yakaanza. Nilijiandaa kusikiliza mihadhara ya saratani. Mkufunzi akaweka saa mezani, akasema ushauri wote ni sekunde 30: muulize mgonjwa kama anavuta, mweleze kuwa njia bora ya kuacha ni dawa pamoja na msaada wa mtaalamu, mpeleke kwenye msaada huo. Basi. Kwetu, muuguzi akimkuta mgonjwa wa kifua ananuka sigara, mahubiri hayaishi leo. Nikauliza, "Hata kumkaripia kidogo?" Akacheka. Mvutaji madhara anayajua, alisema. Asichojua ni pa kuanzia.

Sikushawishika mpaka tulipofika kwenye utafiti wa Michael Russell, uliochapishwa mwaka 1979, kuhusu wagonjwa wa madaktari wa London. Kati ya wasioambiwa lolote, asilimia 0.3 tu ndio walioacha na kudumu mwaka mzima. Walioshauriwa kwa dakika moja au mbili, wakapewa kipeperushi na kuambiwa watafuatiliwa, walifika asilimia 5.1. Nikaiwazia foleni ya kliniki yetu ya asubuhi: watano katika kila wavutaji mia, kwa maneno tu!

Mchana tukapuliza kifaa kinachopima kaboni monoksidi kwenye pumzi. Mvutaji akiacha, namba hushuka ndani ya siku moja au mbili, akajionea mwenyewe. Kisha tukashika plasta za nikotini, ambazo sijawahi kuziona kwenye duka la dawa mtaani kwetu. Nilishangaa: kumtibu mtu kwa kitu kilekile? Lakini ni kama kumwachisha mtoto ziwa: humwachi na njaa, unampa uji.

Siku ya mwisho nikauliza habari za bibi zetu wanaotumia ugoro, maana kifaa kinafuata moshi, na ugoro hauna moshi. Mkufunzi akaniita mbele nioneshe ningemshaurije bibi. Nikaanza: shikamoo bibi, umeamkaje, watoto hawajambo, miguu inaendeleaje? Saa ikalia kabla sijaugusa ugoro. Darasa zima likaangua kicheko.

"Kwenu," akasema mkufunzi, "saa ianze baada ya salamu."