Msitu wa Santuri

Katika milima ya Usambara neno msitu si fumbo. Mkazi wa Lushoto huuona msitu wa Magamba ukungu unapoinuka asubuhi, na hujua kuwa humo masikio hufanya kazi kuliko macho: ndege huimba asionekane, maji huteremka yasionekane. Kwa hiyo mwanafunzi wa huko akiambiwa kuwa vijana wa London, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliuita muziki wao jungle, yaani msitu mnene, ana haki ya kuuliza kama jina hilo lilistahili.

Lilistahili. Ngoma za muziki huo huenda kwa mapigo 160 au zaidi kwa dakika, lakini besi yake, iliyorithiwa kutoka reggae ya Jamaika, mara nyingi hutembea nusu ya mwendo huo. Mwili mmoja hualikwa na miendo miwili. Mwenye nguvu hufuata ngoma, mchovu hufuata besi, wala hawagongani. Aliyekulia penye ngoma kubwa na ndogo hahitaji kufundishwa jambo hili.

Utamu wake, hata hivyo, wataka chumba kidogo. Mfano bora ni klabu ya Blue Note, Hoxton Square, London, ambako kuanzia mwaka 1995 Goldie na wenzake wa Metalheadz, wakiwamo Kemistry na Storm, walipiga santuri usiku wa Jumapili. Katika ukumbi mkubwa mpiga santuri ni kivuli cha mbali. Katika chumba kidogo yeye huona jasho la wachezaji, nao humwona anaposita. Huingiza santuri ya pili juu ya ya kwanza kwa vidole vyake, na akiteleza wote husikia. Wakipendezwa hupiga kelele, naye huirudisha santuri mwanzo. Mpenzi wa taarabu ataitambua tuzo hii, ingawa haina noti. Tena nyimbo nyingi zilipigwa kwa sahani laini, zilizokatwa moja moja kabla ya wimbo kuuzwa. Sahani hizo huchakaa upesi. Kila usiku wa furaha ulikula sehemu ya wimbo wenyewe!

Lakini furaha hiyo ina deni. Ngoma nyingi za jungle zilikatwa katika sekunde chache, sita au saba, za wimbo "Amen, Brother" wa The Winstons, uliotoka mwaka 1969. Mpigaji alikuwa Gregory Coleman. Hakulipwa kwa matumizi hayo, akafariki mwaka 2006 katika umaskini. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walichanga pauni zipatazo 24,000 wakampa Richard Spencer, kiongozi wa kundi. Coleman alikwisha kuwa kaburini miaka tisa.

Tanzania ina ndugu wa muziki huo. Singeli, iliyokulia Manzese na Tandale, Dar es Salaam, ilianza kwa kukata vipande vya taarabu na kuvikimbiza, hata kupita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliifikisha Ulaya. Wazee wengi huiita kelele, na jungle nayo iliitwa hivyo. Neno hilo halidhuru sana. Ipigwapo singeli harusini, Lushoto au kwingineko, lifaalo kuulizwa ni nani aliyekipiga kinanda kile kilichokatwa, na kama yu hai apewe haki yake.